Kujaribu Kipanya Kisichohitaji Betri: Mwongozo kwa Watumiaji wa Voi na Taita Taveta

Kipanya kisicho na waya na kisichohitaji betri ni kifaa cha kuelekezea kishale cha kompyuta ambacho hupata umeme wake kutoka kwenye pedi, yaani mkeka mwembamba ambao kipanya huteleza juu yake, wala si kutoka kwenye betri iliyofichwa tumboni mwake. Pedi ndiyo inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, kwa hiyo waya haukuondolewa mezani, bali umehamishwa kutoka mkiani mwa kipanya hadi ukingoni mwa pedi, mahali ambapo hausogei wala haukwami kwenye vitabu na vikombe. Jambo hili linafaa kushikwa mapema kwa sababu ndilo linaloamua namna ya kukijaribu kifaa: anayetaka kujua kama kitamfaa hana budi kuipima pedi kwanza, na kipanya baadaye, kwa kuwa kipanya cha aina hii, hata kiwe kimeundwa kwa ustadi namna gani, hakiwezi kuwa bora kuliko pedi inayokilisha.

Kanuni inayotumika ni ile iliyoonyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831, kwamba sumaku ikibadilikabadilika karibu na waya uliosokotwa, umeme huzalishwa ndani ya waya huo ijapokuwa vitu hivyo viwili havigusani. Waya uliosokotwa kwa mizunguko mingi huitwa koili. Ndani ya pedi mna koili inayopewa umeme unaobadilisha mwelekeo maelfu ya mara kwa kila sekunde, na ndani ya kipanya mna koili ya pili inayonasa mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa umeme wa kuwasha taa ndogo, kuendesha kitambuzi kinachosoma mwendo, na kupeleka habari kwenye kompyuta. Transfoma iliyotundikwa kwenye nguzo za umeme kando ya barabara ya Voi hadi Taveta hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo, na kadi ya benki inayogusishwa tu kwenye mashine ya kulipia, bila kuchomekwa, haina betri yoyote bali huamshwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika, unaotoka kwenye mashine hiyo. Uga huo hupungua upesi mno kadiri umbali unavyoongezeka, na hapo ndipo ulipo mpaka wa teknolojia yote hii: kinacholishwa ni lazima kikae karibu na kinachokilisha. Tembo wa Tsavo wanaofuatiliwa na watafiti kwa ukosi wa shingoni hawana njia ila kubeba betri, kwa kuwa mnyama anayetembea nyika nzima hawezi kutandikiwa pedi.

Mnunuzi anapaswa kutenganisha aina tatu za vipanya, kwa sababu maneno yanayoandikwa kwenye boksi mara nyingi huzichanganya. Aina ya kwanza ndiyo inayozungumziwa hapa, nayo haina betri kabisa na huzimika mara inapoondoka kwenye pedi. Kampuni ya A4Tech ilikuwa miongoni mwa zilizoitoa mapema, ikiwa na pedi ambayo hulisha kipanya na papo hapo hupokea habari zake. Aina ya pili haina betri lakini ina kapasita, yaani kihifadhi cha umeme kinachojaa upesi na kuisha upesi, kinachokiwezesha kipanya kuendelea kwa muda mfupi kikiinuliwa au kikiteleza nje ya pedi. Mamba HyperFlux ya kampuni ya Razer, iliyotangazwa Januari 2018, ni ya aina hii, na inapohitajika kutumiwa mbali na pedi huunganishwa na kompyuta kwa waya. Aina ya tatu ina betri ya ndani inayochajiwa na pedi wakati wa matumizi, kama ulivyo mfumo wa Powerplay uliotolewa na Logitech mwaka 2017. Hiki ni kifaa kizuri, lakini si kipanya kisicho na betri, na siku betri hiyo itakapochoka baada ya miaka ya kujazwa na kutumiwa, mwenye nacho atakuwa amerudi kwenye tatizo alilodhani amelikimbia. Kuna pia vipanya vya bei nafuu vinavyochajiwa kwa waya vinavyouzwa kwa maelezo kwamba havihitaji betri, ilhali maana yake ni kwamba havihitaji betri za kununua. Njia ya haraka ya kuvitambua dukani ni kuangalia kama ndani ya boksi mna pedi yenye waya wake: isipokuwepo, kipanya hicho kina betri mahali fulani.

Kabla ya kufika kwenye majaribio, inafaa kuuliza ni nani hasa katika Kaunti ya Taita Taveta anayehitaji kifaa cha namna hii. Hoja ya kuokoa pesa za betri haina nguvu kama inavyosikika. Kipanya cha kawaida kisicho na waya, kwa mfano M185 cha Logitech, hutumia betri moja ya AA ambayo kwa maelezo ya watengenezaji inaweza kudumu hadi miezi 12, na mtu anayebadilisha betri moja au mbili kwa mwaka hatatajirika kwa kuacha kuzinunua. Hesabu hubadilika katika saiba, yaani duka la huduma za intaneti, yenye kompyuta nyingi au katika ofisi ya makarani, ambako vipanya hufanya kazi kutwa na betri huchomolewa na wateja wasio waaminifu wakazitia kwenye tochi zao. Hubadilika pia kwa sababu ya joto la Voi, mji ulio kwenye nyanda kame za chini, kwa kuwa betri huvuja nguvu zake upesi zaidi penye joto hata kama haitumiki, na ile iliyosahaulika ndani ya kipanya huweza kuvuja kemikali inayokula vyuma vya kuishikilia. Aliyekaa mbali na mji, huko Kasigau au juu ya Sagalla, anajua kwamba ubaya wa betri si bei yake bali ni saa inayochagua kuisha. Tangu kiwanda cha Eveready kilichokuwa Nakuru kilipofungwa mwaka 2014, mawe, yaani betri, yanayouzwa madukani kwa kiasi kikubwa hutoka nje ya nchi, na mengine ni ya bandia ambayo hayamalizi hata mwezi.

Kwa hiyo, kifaa hiki kinamfaa zaidi mtu mwenye meza isiyohama. Karani wa shamba la mkonge Mwatate, mwenye saiba karibu na stendi ya Voi, mtafiti anayechora ramani katika kituo cha Chuo Kikuu cha Helsinki kilichoko Wundanyi, na mhasibu wa ofisi ya kaunti ni watu ambao mkono wao haubanduki kwenye kipanya kwa saa nyingi, na ambao pedi inaweza kutandikwa mbele yao ikakaa miaka. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta anayehama na kipakatalishi chake, yaani kompyuta ya kubeba, kutoka bwenini hadi maktabani na mwisho wa wiki akapanda matatu kwenda nyumbani, anafaa kushauriwa waziwazi asikinunue, kwa sababu atalazimika kubeba pedi pamoja na waya wake kila aendako, na pedi iliyokunjwakunjwa ndani ya begi hukatika koili yake mahali pasipoonekana.

Jaribio la kwanza hufanywa kwa karatasi, nalo ndilo lenye manufaa kuliko yote, ingawa halihitaji chombo chochote cha kupimia. Karatasi ya kawaida ya A4 yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene unaokaribia sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo karatasi 10 hufanya milimita moja na karatasi 100 hufanya sentimita moja. Pedi itandazwe juu ya meza ya mbao, iunganishwe na kompyuta, na kipanya kiwekwe juu yake hadi kishale kianze kutembea. Kisha karatasi 10 ziwekwe kati ya pedi na kipanya, zikiwa zimelinganishwa vizuri na kushikwa zisiteleze, na kipanya kisogezwe polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine huku kishale kikitazamwa. Kitambuzi cha mwanga husoma juu ya karatasi bila shida, hivyo kishale kikisita si kwa sababu ya karatasi bali ni kwa sababu umeme unapungua. Karatasi ziongezwe kumi kumi hadi kipanya kizimike, na idadi iliyofikiwa iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya pedi, pamoja na tarehe. Kipanya kinachozimika kwenye karatasi 20 kinalishwa kwa shida na kitamsumbua mtu mwenye tabia ya kuinua kipanya kila anapokirudisha katikati; kinachovumilia karatasi 100 kina akiba ya kutosha. Idadi hiyo itahitajika tena baadaye, kwa hiyo isiachwe kwenye kipande cha karatasi kitakachopotea.

Jaribio hilohilo lirudiwe katikati ya pedi, kwenye kila pembe, na kwenye ukingo ulio karibu na waya, kwa kuwa koili haikusambaa sawasawa chini ya kitambaa. Pedi nyingi zina ukanda wa ukingoni ambao kwa macho ni sehemu ya pedi lakini kwa umeme haumo. Ukanda huo utafutwe kwa kusogeza kipanya nje taratibu, na pale kishale kinaposimama pachorwe mstari mwembamba wa penseli. Mtumiaji mwenye mkono mpana, au anayefanya kazi za michoro zinazotaka mwendo mrefu, ataona mara moja kama eneo lililobaki ndani ya mistari linamtosha. Kipanya kizungushwe pia mahali pamoja, kikielekea kushoto na kulia, kwa sababu mtu anayekaa kimshazari huishika mashine yake kimshazari, na kipanya kilichoundwa vyema hakipaswi kubagua mwelekeo.

Jaribio la pili linahusu meza, na katika mazingira ya Voi lina uzito kuliko linavyopewa na maelezo ya kwenye boksi. Uga wa sumaku unaobadilikabadilika ukikutana na bamba la chuma au alumini huzalisha ndani ya bamba hilo mikondo midogo ya umeme inayozunguka bure na kugeuka joto, na nguvu iliyokusudiwa kipanya ikaishia mezani. Meza za chuma zilizochomelewa na mafundi wa jua kali, zenye uso wa bamba au zilizofunikwa kwa mbao nyembamba tu, zimejaa katika ofisi na saiba. Anayejaribu kipanya dukani juu ya kaunta ya kioo, kisha akakitumia kazini juu ya meza ya chuma, huweza kudhani ameuziwa kibovu. Asiye na meza ya chuma karibu aazime sinia la alumini, aliweke kifudifudi chini ya pedi, kisha arudie hesabu ya karatasi. Tofauti kati ya idadi ya mbao na idadi ya sinia ndiyo inayoonyesha ni kiasi gani pedi hiyo imekingwa upande wa chini. Tofauti ikiwa kubwa, dawa ni kuinua pedi kwa ubao wenye unene wa sentimita mbili au tatu, kwa maana umbali unaoidhoofisha nguvu kwa kipanya huidhoofisha vilevile kwa chuma. Sarafu, funguo na mikasi visilazwe juu ya pedi, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwulize daktari wake kabla ya kukaa na pedi ya namna hii karibu na kifua.

Vumbi jekundu la Tsavo, ambalo huwapa tembo wa huko rangi yao na halikosi kwenye dirisha lolote la Voi, lina oksaidi ya chuma, na msomaji mwangalifu anaweza kujiuliza kama nalo litanyonya nguvu za pedi. Halitanyonya. Tabaka linaloweza kukaa juu ya kitambaa ni jembamba mno, na oksaidi hiyo si chuma kitupu. Madhara yake yako kwingine, kwenye tundu dogo chini ya kipanya ambamo kitambuzi huchungulia, na kwenye nyuzi za kitambaa cha pedi, ambazo zikijaa vumbi hukifanya kishale kiruke. Tundu lisafishwe kwa pamba kavu iliyozungushwa kwenye njiti, na pedi ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kuchomolewa, wala isizamishwe kwenye maji kama mkeka wa kawaida, kwani mna umeme ndani yake. Huko Wundanyi, kwenye vilima vya Taita vinavyofika mita 2,208 katika kilele cha Vuria, shida si vumbi bali ni ukungu, na pedi ya kitambaa inayopata unyevu usiku huwa nzito kutelezea asubuhi. Aliye huko atafanya vyema kuchagua pedi yenye uso wa plastiki.

Jambo la tatu la kupima ni gharama ya umeme, si kwa maana ya bili, ambayo haitaonekana, bali kwa maana ya muda wa betri ya kipakatalishi stima zinapopotea. Tundu la kawaida la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa hadi miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, na pedi haipaswi kuvuka hapo. Kipimo kidogo cha USB, kinachochomekwa kati ya kompyuta na waya na kuonyesha volti na ampea kwa tarakimu, kinatosha kuonyesha ukweli. Tuseme kipimo kinasoma ampea 0.1, zidisha kwa volti 5, pedi inakula wati 0.5. Kipakatalishi chenye betri ya wati-saa 40 kinachotumia wati 10 hukaa saa 4 bila pedi, na pamoja na pedi hukaa takriban saa 3 na dakika 49, hasara ya dakika 11. Hasara hiyo inavumilika. Isiyovumilika ni ile ya pedi inayoendelea kula kiasi hicho hicho wakati kipanya kimeondolewa juu yake, au inayobaki na moto kompyuta ikiwa imelala, na kwa hiyo kipimo kisomwe mara tatu: kipanya kikiwa kinatembea, kikiwa kimetulia, na kikiwa hakipo. Pedi ikipata joto linalohisika wazi kwa kiganja baada ya saa moja ya kazi, irudishwe dukani ingali na risiti.

Baada ya hapo kipanya chenyewe kinaweza kuhukumiwa kama kipanya kingine chochote. Programu ya kuchorea ifunguliwe na duara zichorwe, kwanza polepole na kisha kwa kasi. Mstari uliovunjika vipande au uliokata kona mahali pa kupinda huonyesha kwamba habari zinachelewa au zinapotea njiani. Vipanya vinavyowasiliana na kipokezi, yaani sehemu inayopokea mawimbi ya redio, kwa masafa ya gigahezi 2.4 hushiriki njia hiyo na Wi-Fi na Bluetooth, na matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi hutambulika kwa rangi ya buluu, hutoa kelele za redio kwenye masafa hayo hayo. Kuhamisha waya wa pedi hadi tundu la USB 2.0 huondoa lawama nyingi zinazotupiwa kipanya. Vitufe vibofywe mara mbilimbili kwenye faili kadhaa, na gurudumu la katikati lizungushwe kwenye waraka mrefu. Katika saiba, jaribio halisi ni siku za mwisho za Juni, ambapo wenye PIN za kodi hufurika kuwasilisha ripoti zao kabla ya tarehe 30, na kipanya hupokezanwa mikononi mwa watu wasiojua kwamba kikiondolewa kwenye pedi kinakufa. Mwenye duka aandike maneno machache na kuyabandika ukutani: kipanya kisitoke kwenye mkeka. Atajiokoa na kuitwa kila dakika tano, na pia atakuwa amempa habari mwenye nia ya kukiiba, kwani bila pedi yake hakina kazi.

Sehemu inayochoka mapema ni waya wa pedi, hasa pale unapoingia kwenye kitambaa, na bahati njema ni kwamba sehemu hiyo inatengenezeka. Ndani ya waya wa USB 2.0 mna nyuzi nne: nyekundu hubeba volti 5, nyeusi hurudisha mkondo, na nyeupe na kijani hupitisha habari. Fundi wa simu mwenye chuma cha kulehemu anaweza kukata sehemu iliyovunjika na kuunganisha upya rangi kwa rangi, bila kuifungua koili. Betri zilizobaki kutoka kwenye vipanya vya zamani zisitupwe shimoni wala kuchomwa na taka za nyumbani, bali zikusanywe kwenye chombo kikavu hadi zipatiwe safari ya kwenda kwa wanaozishughulikia, kama kituo cha taka za kielektroniki cha WEEE kilichoko Nairobi. Pedi iliyotoka kwa fundi irudishwe mezani, ihesabiwe tena karatasi kumi kumi katikati na kwenye pembe zake, na idadi mpya ilinganishwe na ile iliyoandikwa chini yake siku ya kwanza. Ikilingana, kazi ya fundi ni kamili na malipo yake ni halali, na ikiwa pungufu, kiungo kimoja cha nyuzi nyekundu na nyeusi hakikushika sawasawa na kirudiwe kabla pedi haijashonwa ukingo.